Uma Uliopigwa Tupa

Naanza kwa kukiri, kwa sababu miaka miwili ya bweni imenifundisha kwamba mkosaji anayekiri kabla ya kuulizwa hupunguziwa adhabu. Katika kesi hii sijui nani wa kunipunguzia, lakini mazoea ni mazoea.

Mimi ni Vicko, mjukuu wa Kuzma, umri miaka kumi na sita, mwanafunzi wa ufundi wa meli mjini Split, kitanda cha juu kando ya dirisha. Faili langu kwa mlezi wa bweni lina makosa kumi na moja, na sioni haya kwa lolote kati ya hayo. Ngazi ya walimu niliipaka sabuni. Sanamu ya mwanzilishi wa shule niliivika aproni ya mpishi, na ilimpendeza. Kosa ninaloliandika hapa halimo katika faili lile. Nililitendea nyumbani, kisiwani, wakati wa likizo, kwa tupa niliyoiazima karakana ya shule bila kumsumbua mwenye funguo.

Kwanza nieleze habari ya kipele cha babu.

Kijijini kwetu kuna wanaume wanane wanaoimba pamoja. Hawana kinanda, hawana gitaa, hawana hata mtu wa kusimama mbele akapunga mikono. Husimama nusu duara, mkono wa huyu begani mwa yule, wakaanza. Babu Kuzma ni besi, na ndiye hutoa sauti ya kuanzia. Kabla ya kila wimbo huinamisha kichwa, hukuna nyuma ya sikio la kulia, hutulia kama anayesikiliza mvua ya mbali, kisha hunguruma "mmm", na wale saba kila mmoja hupanda juu ya "mmm" ile hadi daraja lake. Kwa miaka arubaini amesema kwamba sauti hiyo huitoa kichwani. Waimbaji wa vijiji vingine wana filimbi ya kuwapa sauti, na babu huwacheka. "Hao," husema, "ni sawa na mtu anayeomba kuonyeshwa njia ya chooni nyumbani kwake."

"Na hicho kipele chako, Kuzma, bado hakijapona?" Mzee Jerko, mmoja wa wale saba, humuuliza kila mara. "Paka mafuta ya zeituni, bwana."

"Imba wewe, wacha ngozi yangu."

Nilipokuwa na miaka kumi na minne nilitafuta sarafu katika koti la babu nikakuta kipele chenyewe. Kilikuwa uma wa chuma, meno mawili na shina, wa aina ile ambayo ukiugonga hutoa sauti moja tu, ileile siku zote. Kumbe babu huugonga gotini kwa siri, huuficha kiganjani, kisha huukandamiza kwenye mfupa wa nyuma ya sikio. Watu huona mzee anajikuna. Niliurudisha mfukoni, nikafunga mdomo. Siri ya namna hiyo haitumiwi ovyo. Huwekwa mpaka siku yake.

Siku yake ilikuja kwa sababu ya Mzee Jerko. Alikuwa fundi mawe, mrefu, mwembamba, mwenye sauti ya kwanza, ile ya juu kabisa ambayo nyingine zote huifuata. Msimu wa kiangazi mwaka jana niliomba kujaribiwa. Nikaimba. Wazee wanane walinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Kijana," Jerko akasema, "umewahi kumwona punda akishushwa ngazi?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi umewahi kujiona."

Walicheka mpaka Lovre, wa sauti ya pili, akamwagikiwa divai. Nami nilicheka, kwa tabasamu la mtumishi wa altare, na moyoni nikafungua faili.

Lakini nisimsingizie Jerko. Sikutaka kumdhuru yeye peke yake. Nilitaka wanane wote wawike kama majogoo mbele ya kijiji, babu awe mwekundu kama nyanya, na mimi nicheke. Nimetafuta sababu bora kuliko hiyo kwa miezi mingi. Sijaipata.

Mchana wa mkesha wa Mtakatifu Roko, sikukuu ya kijiji chetu katikati ya Agosti, babu amelala baada ya chakula, niliuchukua uma, nikaubana kwenye jiliwa lake mwenyewe ghalani, nikakata ncha za meno kwa tupa. Jino likiwa fupi sauti hupanda. Hilo mtoto yeyote wa karakana analijua. Niliondoa kiasi cha upana wa ukucha. Nikaenda kanisani nikaulinganisha na kinanda: umepanda hatua moja kamili. Niliusugua kwa majivu using'ae, nikaurudisha kotini, nikala tini kwa dhamiri safi.

Sasa nieleze dirisha.

Nyumba ya Jerko inatazama uwanja wa kanisa. Miaka arubaini na saba iliyopita, Perina akiwa bado msichana wa nyumba ile, Jerko alisimama chini na wenzake wakaimba wimbo ambao kijana anaomba jambo dogo tu: dirisha lifunguliwe upana wa kidole ajue kwamba hakuimbia mbao za dirisha tu. Karibu na mwisho sauti ya kwanza inaacha nyingine zote chini, inapanda peke yake, inakaa juu huko. Hapo ndipo Perina alipofungua. Wakaoana, baba mkwe akawaachia nyumba, na tangu hapo kila Mtakatifu Roko, baada ya misa, wimbo huo huimbwa palepale, na sauti inapofika juu Perina hufungua dirisha. Watu hupiga makofi, kisha huenda kula kondoo. Siku nyingine za mwaka mama huyo humwita mumewe mzembe na mla dagaa.

Mwaka jana Perina alikuwa hajashuka ngazi tangu Pasaka. Daktari alikuwa amezungumza na Jerko barazani kwa sauti ya chini, na kijiji kizima kilisikia. Kitanda kilisogezwa dirishani, na Perina akapewa fimbo ya kusukumia mbao. Yote haya niliyajua. Niliyajua nikiwa na tupa mkononi, na sikuyaunganisha. Walimu wangu wameandika mara nyingi kwamba nina akili lakini siitumii. Naunga mkono hoja.

Misa ikaisha, wanane wakajipanga. Babu akainama, akakuna kipele, akanguruma. Wakaanza.

Niliona nyusi za Lovre zikipanda. Niliona shingo za wazee zikinyooka kidogo, kama watu walioingia maji ya baridi. Lakini wakishaanza hawaachi. Ni aibu kubwa kuacha. Jerko alifunga macho. Ubeti wa kwanza ukapita, wa pili ukapita, mishipa ikamtoka kooni, kisha wengine wakashuka na yeye akapanda peke yake.

Sauti ilifika ukingoni, ikatetemeka, kisha kikatoka kitu kama jogoo mchanga anayejaribu kuwika kwa mara ya kwanza.

Nilicheka. Niandike hilo pia. Katika uwanja wenye watu mia mbili mcheko wa kwanza ulikuwa wangu.

Juu, fimbo ilikuwa imekwisha kusukuma. Perina alijua mahali pa kufungua bila kungoja. Mbao zikafunguka upana wa kiganja, zikasimama. Hakuna aliyepiga makofi. Jerko alitazama pengo lile, akavua kofia, akaivaa tena.

Baadaye, ghalani kwetu, kondoo alipoa mezani.

"Kuzma, leo umetupandisha," Lovre alisema.

"Sijampandisha mtu. Sauti ni ileile ya miaka arubaini."

"Koo langu linasema umetupandisha."

"Koo lako linasema divai."

"Bwana we, hata besi ilikuwa kama..."

"Naapa!" Babu aligonga meza. "Kwa Mtakatifu Roko mwenyewe, na leo ni siku yake. Sauti ni ileile!"

Na aliapa kwa haki. Uma wake aliuamini kuliko masikio yake, na masikio yake yana miaka sabini na mitatu. Alasiri ile nilimchungulia chumbani akiugonga, akisikiliza, akijiambia, "Ileile." Chuma hakiongopi, isipokuwa kimepata mwalimu.

Jerko alikuwa ameinuka. Hakuwa na hasira; hasira ingekuwa nafuu.

"Basi ni mimi," alisema. "Sauti ni ileile, na koo si lilelile. Tafuteni mwingine, jamaa zangu."

Akatoka. Bila sauti ya kwanza hakuna uimbaji, kwa hiyo wale saba waliobaki wakawa wazee tu wanaocheza karata.

Ningeweza kusema siku ileile. Niliogopa kipigo, hiyo ni kweli. Lakini nilikuwa na sababu nyingine, nzuri zaidi, na nilijificha nyuma yake kama nyuma ya mtu mnene: nikisema nimekata uma, nasema kuna uma. Nasema babu amedanganya kijiji kwa miaka arubaini. Nilijiambia namlinda mzee wangu. Nilijiambia hivyo kwa ufasaha mkubwa.

Mwisho wa Agosti mama alinituma nimpelekee Perina tini. Alikuwa amebaki macho na mkono.

"Karibu, mtukutu," alinipokea. "Kaa. Usiibe kitu."

"Sijaiba tangu Jumanne, bibi."

Alicheka, akakohoa, akasubiri kikohozi kipite. Kisha akasema, "Wewe unasoma mjini. Niambie, sauti ya mtu hufa kabla ya mwenyewe?"

"Sijui, bibi."

"Yule mzembe anasema yake imekufa. Namwomba aniimbie hata kwa kunong'ona, anasema hakuna kitu humu, Perina, kisima kimekauka. Mimi simwamini." Alinishika mkono, wake ulikuwa mwepesi kama ganda la kitunguu. "Sikiliza. Kijiji kizima kinasema wewe ni bingwa wa hila. Mfanyie hila moja. Yoyote. Umkasirishe, umchokoze, umlaghai, mradi aimbe mara moja tu. Utanifanyia?"

"Nitafanya, bibi."

"Usichelewe," alisema, na akala tini nusu ili kunifurahisha.

Jibu lilikuwa mdomoni mwangu. Nilishuka nalo ngazi, nikalipeleka nyumbani, nikalala nalo, na Septemba nikapanda nalo feri kurudi shuleni.

Nilipanda na uma pia; kwa kuwa hakuna aliyeimba tena, babu hakuwa na haja nao. Nilikuwa na mpango, na ulikuwa wa werevu sana. Nitautengeneza uma, nitaurudisha likizo ya Watakatifu Wote, mwanzo wa Novemba, nitamchokoza babu awaite wenzake, atatoa sauti ya haki, Jerko atapanda, atafika, na hakuna atakayejua lolote. Perina atapata wimbo wake, babu heshima yake, na mimi ngozi yangu.

Lakini chuma kilichoondolewa na tupa hakirudi. Nilimuuliza mwalimu wa karakana kama kuna njia ya kurefusha meno ya uma.

"Hakuna," alisema, bila kuuliza wa nani. Ananijua. "Ukikata ncha, unapanda. Ukitaka kuishusha, ukate huku chini, kwenye shina la meno. Meno yakiwa membamba pale, sauti hushuka."

"Yaani nautengeneza kwa kuuharibu tena?"

"Taratibu. Kidogo kidogo. Na usizidishe."

Jioni za wiki tano nilipiga tupa pale chini, mara tatu, nasikiliza, mara mbili, nasikiliza. Wenzangu bwenini walidhani natengeneza ufunguo wa stoo ya jamu, wakaniheshimu. Siku sauti iliporudi mahali pake meno yalikuwa membamba kiunoni kiasi kwamba yalipinda ukiyabana. Ilikuwa tarehe ishirini na nne Oktoba. Nilifurahi sana. Zilibaki siku nane.

Tarehe ishirini na saba mama alipiga simu bwenini. Perina alikuwa amefariki alfajiri.

Nilirudi kisiwani kwa feri ya kwanza, nikakuta mlango wa Jerko wazi, kama ilivyo nyumba ya msiba. Sebuleni wanawake walikuwa wanasali rozari kando ya jeneza. Mama yangu alikuwa miongoni mwao. Jerko alikuwa jikoni peke yake, mbele ya kioo kidogo cha kunyolea, akipambana na tai nyeusi.

"Mama mwenye nyumba ndiye hunifunga hii," alisema bila kugeuka. "Mimi najua mawe."

"Niruhusu, mzee. Bweni hutulazimisha kila Jumapili."

Akanigeukia, akainua kidevu. Kwa hiyo niliyasema nikiwa na mikono yangu kooni kwake, na koo likipanda na kushuka chini ya vidole vyangu. Nilisema yote: uma, tupa, kinanda cha kanisa, mcheko, tini, mpango wangu wa werevu. Nilipomaliza fundo lilikuwa limekaa sawasawa. Hakusogea.

"Unao?" aliuliza.

Nikautoa. Aliugonga ukingoni mwa meza, akauweka nyuma ya sikio, palepale pa babu, bila kutafuta. Akatoa sauti kwa chini, mdomo umefumbwa. Kisha akafungua mdomo na kuanza ile sehemu ya mwisho, kimya kimya, kama mtu anayepanda ngazi ya nyumba ambayo mtoto amelala. Akapanda. Akafika. Akakaa juu pale, sauti nyembamba, safi, isiyotetemeka, kwa muda wa pumzi nzima. Sebuleni rozari ilisimama, kisha ikaendelea.

Alifunga mdomo. Alibaki ameutazama uma.

"Ipo," alisema.

"Ndiyo, mzee."

"Kuzma anajua?"

"Hajui. Na watu hawajui kwamba ana uma. Ndiyo maana nilishindwa kusema, nilihofia wakijua..."

"Watu hawajui!" Nusura acheke. "Mtoto we. Mtu anakuna mahali pamoja miaka arubaini, ulidhani sisi tunafikiri ana chawa? Tunajua sote. Tulijua kabla mama yako hajazaliwa. Tulimwacha kwa kuwa inamfurahisha."

 Lile pande la mtu nililojificha nyuma yake halikuwapo hata siku moja.

"Kila jioni aliniomba," Jerko akasema. "Tangu Roko. 'Hata kidogo, Jerko.' Nikamwambia hakuna. Juzi aliniomba, nikamwambia lala, mama, hakuna kitu humu." Alijigusa koo, juu ya fundo langu. "Na ipo."

"Nisamehe, mzee."

"Ungekuja mapema. Au usingekuja kabisa." Hakuinua sauti. "Saa moja iliyopita nilikuwa mzee aliyepotewa na sauti. Sasa mimi ni mtu aliyemnyima mkewe."

Akanirudishia uma, akaenda kusimama pamoja na waombolezaji.

Niliutia katika koti la babu wakati wa kumsaidia kuvaa. Aliupapasa kwa nje, akanitazama kidogo, akafunga vifungo.

Jeneza lilipotoka mlangoni Jerko aliinua mkono, wabebaji wakasimama katikati ya uwanja. Padri alishangaa, maana safari ilikuwa ya makaburini. Jerko akaenda mahali pake pa miaka yote, akageuka, akangoja. Mmoja mmoja wale saba walikuja. Mikono ikapanda mabegani. Babu akainama, akakuna nyuma ya sikio, na hakuna aliyetabasamu. "Mmm."

Waliimba taratibu kuliko sikukuu. Uwanja ulikuwa na watu wengi na ungesikia njiwa akitembea juu ya paa. Ubeti wa kwanza, wa pili. Besi ya babu ilikuwa chini kabisa, kama sakafu. Kisha wengine wakashuka na Jerko akapanda peke yake, na akafika. Alifika bila jitihada, akakaa, akazidi kukaa, mpaka nikatamani sauti ipasuke.

Sote tuliinua macho. Watu mia mbili, na padri, na wabebaji wenye mzigo begani, tulitazama dirisha. Lilikuwa limefungwa, kama yanavyofungwa madirisha ya nyumba ya marehemu. Mama yangu ndiye aliyelitia kulabu asubuhi. Nilijua hivyo. Nilitazama hata hivyo, mpaka sauti ilipokwisha.

Wanawake walilia kwa nguvu. "Sauti imemrudia," walisema. "Kama kijana wa miaka ishirini. Muujiza." Padri alilitumia neno hilo makaburini, tena katika mahubiri ya Jumapili. Jerko alisikiliza kichwa kikiwa kimeinama. Mara moja tu alinitazama, juu ya vichwa vya watu, nami nikasoma kwa makini kamba za viatu vyangu.

Jioni, watu wakitawanyika, alinikuta ukutani mwa ghala.

"Mkija likizo ya Noeli kuna mazoezi Ijumaa," alisema. "Uje."

"Mimi, mzee? Na sauti ya punda?"

"Sikukuambia uimbe. Uje ukae."

Nimekwenda Noeli nzima, na sasa Pasaka. Nakaa kwenye pipa, mikono magotini, mtulivu kuliko nilivyowahi kuwa darasani. Mwisho wa mazoezi, wenzake wakitafuta kofia zao, Jerko husema, "Bado wimbo mmoja," na wao huguna na kujipanga tena kwa ule wa dirisha. Babu hukuna sikio. Jerko hanitazami. Anapofika pale juu, mimi huhesabu anakaa muda gani, na kila Ijumaa hukaa muda mrefu.